Bwana Karatasi Avuka Mto

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nimempata! Bwana Karatasi yupo!

Basi niandike kwa mpangilio. Leo Nane Nane, sina bi harusi wa kupamba, nikasema ngoja nifagie chumba cha Bibi kabla hajaenda kufanyiwa upasuaji wa jicho Alhamisi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame — nimeinama hadi shingo imeniuma. Pasi ya mkaa. Viatu vya marehemu Babu. Na nyuma kabisa, ukutani, kijisanduku cha mbao, chembamba, kirefu kama mkono wangu. Nilikijua kabla sijakigusa. Miaka kumi na minne! Tangu Babu Idarusi afariki nilidhani kimeshaliwa na mchwa.

Nimekifungua pale pale sakafuni. Picha ndefu ya kukunja, hariri pembeni, ufito juu, ufito chini. Ya Kijapani. Na yeye yumo, juu ya farasi wake, katikati ya mto. Kichwa hana. Farasi naye hana. Vipande viwili vya karatasi vimebandikwa juu ya nyuso zao, kimoja kwa mtu, kimoja kwa mnyama, vile vile kama nilivyoviacha nikiwa na miaka sita. Wakati huo ilitundikwa chumba cha mbele, na mimi nilikuwa nikilia nisilazwe humo. Jina la Bwana Karatasi nilimpa mimi.

Leo sikumwogopa. Leo nimemtazama kwa jicho la mtu anayeshika brashi. Hayo maji! Hakuna maji! Mistari mitatu tu ya wino, kwingine patupu, lakini farasi kazama hadi kifuani na wewe mtazamaji unaona baridi. Mimi nikimpaka bi harusi piko najaza mkono mzima hadi kiwikoni, naogopa kuacha nafasi. Huyu mchoraji kaacha nafasi, na hiyo nafasi ndiyo mto. Nimekaa pale hadi adhana ya alasiri, miguu imekufa ganzi.

Ukingo wa kofia ya Bwana Karatasi unachungulia juu ya karatasi. Na sikio moja la farasi. Basi.


Jumamosi, 9 Agosti

Nimembana Bibi kwa maswali tangu chai ya asubuhi.

Mwaka themanini na sita alikuja Mjapani, Bwana Morita, kufundisha ufundi wa injini za boti. Babu alikuwa mwanafunzi wake. Morita akaugua malaria, na Bibi ndiye aliyempikia uji siku tisa. Alipokaribia kurudi kwao akaleta picha hii. Sasa, zawadi hairudishwi. Lakini Babu naye alikuwa mtu wa msikitini, hakutaka sura ya kiumbe itundikwe nyumba inayosaliwa. Na kuificha sandukuni, mwenyewe bado yupo mjini? Aibu! Akakata shauri: picha itundikwe, nyuso zizibwe. Kitu kisicho na kichwa si kiumbe tena. Dini salama, mgeni salama.

Morita alipokuja kuaga akaiona. Kainama. Bibi hajui mpaka leo alimwinamia Babu au aliziinamia karatasi. Nimecheka hadi nimepaliwa chai.

Kumbe Bibi aliuona uso! Siku moja tu, tangu alasiri hadi isha, kabla ya kubandikwa. Nikamuuliza ukoje. Akafikiri. "Nadhani alikuwa akicheka." Nikasema unadhani? Akasema miaka arubaini mwanangu, na macho yenyewe ndiyo haya. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa: "Jicho langu likifunguka, wa kwanza nataka nimwone huyo."

Nimesema nitambandua. Nimesema papo hapo, kwa sauti, na Baba alikuwa mlangoni.

Baba yangu, Zubeiri bin Idarusi, hapigi kelele. Ndiyo tabu yake. Kasema kilichobandikwa na mkono wa baba yake hakibanduki akiwa hai. Kachukua sanduku lake la spana. Amefika ukumbini, akageuka.

"Na alikuwa hacheki. Alikuwa akiogopa."

Naye aliuona!


Jumapili, 10 Agosti

Precious kapita akitoka kanisani, bado na gauni la kwaya mkononi. Shoga yangu huyu kazaliwa Pongwe kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, haogopi mtu. Nimemwonyesha. Kasema bandua sasa hivi, babako akirudi mwambie ni mende. Nimemwambia mende wa mtaa wetu wa Makorora hawana adabu lakini hawana mikono.

Yeye ndiye aliyegundua! Kaweka pua karibu, akasema hii karatasi ina viboksi. Kweli. Ni daftari la hesabu. Tumeielekeza picha kwenye mwanga wa dirisha: saba mara nane, hamsini na nne. Kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa mtoto. Na mkwaju wa mwalimu, alama ya kosa, juu yake!

Mtoto wa mwaka themanini na sita ndani ya nyumba hii ni mmoja tu. Baba. Uso wa mpanda farasi umezibwa na hesabu aliyokosa Baba yangu.

Precious kacheka hadi kakaa chini. Mimi sikucheka sana. Nimefikiria: karatasi yake ilifikaje pale?

Na nikiri hapa, maana hapa hakuna anayesoma: sitaki tu kwa ajili ya Bibi. Nataka mimi. Nataka kuona mtu huyu alichoraje uso kwa wino mweusi na brashi moja. Baba anajua napaka maua na majani. Hajui kwamba nyuma ya daftari hili kuna sura kumi na moja. Ya Bibi, ya Precious, ya yule muuza mihogo, na yake mwenyewe. Nachora kama mwizi, nikisikia kikohozi chake nafunga.


Jumatatu, 11 Agosti

Gundi ni ngano!

Nimemuuliza Bibi Babu alibandikia nini. Uji wa ngano mwanangu, tulipata wapi gundi siku zile. Bando lote limeishia kwenye vidio — na mafundi wa Kijapani wenyewe, wale wanaotengeneza picha hizi, wanatumia nini? Uji wa ngano! Wanaupika, wanauchuja, wanapaka. Ukitaka kubandua miaka mia baadaye unalowesha tu, unaachia. Babu bila kujua kabandika kama fundi wa kwao! Nimepiga kigelegele peke yangu jikoni, jirani kauliza nani kaposwa.

Nimepika uji. Nimebandika vipande vya daftari la hesabu kwenye karatasi nyembamba, nimevikausha juani, nimevilowesha kwa pamba iliyokamuliwa. Cha kwanza kimechanika. Cha pili kimechanika. Cha tano kimetoka kizima! Maji kidogo, subira nyingi. Ni kama ndimu na sukari juu ya hina: ukizidisha, inachuruzika, ukipunguza, inapukutika.

Halafu nikafanya ujinga. Nikasema ngoja nijaribu kwenye picha yenyewe, pembeni. Nimegusa wino mweusi wa kwato, haukutoka hata kidogo. Nimefurahi. Nikagusa mshipi wa mpanda farasi, ule mwekundu. Pamba imekuwa nyekundu.

Nimeitupa kama kaa la moto. Doa dogo, ukubwa wa punje ya mtama, lakini mshipi pale umepauka, na aliyeufanya ni mimi. Nimekaa na mikono kichwani.

Sasa naogopa midomo. Midomo ikiwa myekundu? Nikilowesha kupita kiasi nitafuta hicho hicho tunachokitafuta. Atakuwa anacheka au anaogopa, na hatutajua kamwe, kwa sababu ya pamba yangu.


Jumanne, 12 Agosti

Bi harusi Msambara leo, mikono mizuri, haiishi kusogea. Nimerudi nimechoka lakini nimebandua vipande tisa. Saba vizima. Jicho la Bibi ni keshokutwa.

Baba kapita nyuma yangu mara mbili. Anajua hasa ninachofanya.


Jumatano, 13 Agosti

Leo nimemwendea. Nimechoka kunyatia ndani ya nyumba yetu.

Nimemkuta karakanani, injini imelala mbele yake, mafuta hadi viwikoni. Nimesema shikamoo Baba. Marahaba. Nimesema nimekuja kuomba ruhusa, sijaja kubishana. Kasema hilo la pili huliwezi, basi anza na la kwanza.

Nimemweleza yote. Ngano, vidio, vipande saba kati ya tisa. Hata doa la mshipi nimelisema, uso umeniwaka. Alikuwa akifuta spana moja tu, ile ile, muda wote.

Nikamuuliza juu ya karatasi ya hesabu. Spana ikasimama.

Akaniambia. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Babu karudi msikitini, kaiangalia picha, katoka, karudi na unga. Kamwambia leta karatasi. Baba hakuwa na nyingine ila daftari lake, akachana ukurasa aliokosa ili mwalimu asije akauona tena. Babu kamkalisha mapajani pake, mtoto mkubwa vile, kamshika mkono, wakakata wote kwa mkasi mmoja, wakazunguka umbo la kichwa polepole. "Babu yako alikuwa mtu mkali. Alinipiga mara nyingi. Kunishika mkono, ni siku ile."

Kwa hiyo si dini tu. Nilikuja na maneno yangu kumi yamejipanga, yote yameanguka. Ningesema nini? Kwamba nataka kulowesha kitu pekee walichofanya pamoja, nikibandue kwa kibanio cha nyusi?

Nimesema pole Baba. Nimegeuka niondoke. Akasema nyuma yangu:

"Na ile sura yangu kwenye daftari lako. Pua umeikuza."

KAFUNGUA DAFTARI LANGU! Eti nililisahau mezani, eti upepo ulifunua. Upepo gani unafunua kurasa za nyuma? Nimerudi nyumbani nikipiga hatua kama mwanajeshi. Nimefika kona ya msikiti ndipo nikasimama. Kaiona. Hakuichana. Hakunikataza. Kalalamikia pua!

Pua yake ni kubwa. Sibadilishi.


Alhamisi, 14 Agosti

Bibi katoka salama! Jicho limefungwa bandeji nyeupe, linafunguliwa kesho asubuhi. Dakika ishirini tu ndani, kasema alikuwa akisoma Ayatul Kursii na daktari akawa anaitikia amina pasipostahili.

Lakini si hilo. Niandike upesi kabla maneno hayajanitoka.

Tulikuwa kwenye benchi la nje tukingoja dawa, Bibi katikati, mimi na Baba huku na huku. Bibi kaanza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Zubeiri. Wajua babako alibandika kwa nini?"

Baba kasema dini, mama.

"Dini ilikuwepo. Na wali uliungua."

Tukamtazama. Kasema siku picha ilipoletwa alikaa mkekani akamtazama yule mpanda farasi tangu alasiri. Wali uko motoni. Umeungua hadi majirani wakaja kugonga mlango. Babu naye akaingia na harufu ile, kamwona mkewe, kaiona picha. Akasema, "Mzuri sana huyo Mjapani, eh?" Bibi hakujibu. Babu akatoka kutafuta unga.

Mimi ndiye niliyeuliza: kwa nini hukumjibu, Bibi?

Nikadhani kalala. Halafu akasema walipofunga ndoa kwao Maramba, Babu akimleta mjini, ilikuwa masika, mto umejaa, lori limekwama ng'ambo ya huku. Babu akafunga viatu vyake shingoni, akambeba Bibi mgongoni, akaingia majini. Maji yakafika kifuani. "Nami niko mgongoni. Sikuuona uso wake. Nilikuwa bi harusi wa siku mbili, haya zimenijaa, sikumuuliza kama alikuwa akicheka au akiogopa. Siku zikapita, ikawa tena si neno la kuuliza. Hata huyo Mjapani kaja na picha yake. Namwona mtu mtoni, viatu kavifunga kwenye tandiko. Nikasema, kumbe! Ndivyo alivyokuwa! Miye namtafuta Idarusi, naye Idarusi adhani namtazama Mjapani."

Kisha nikasikia sauti, nikadhani Baba kapaliwa. Anacheka! Baba yangu! Kainama, mikono magotini, mabega yanaruka. "Kumbe Baba kajionea wivu mwenyewe! Kajiziba mwenyewe uso!" Bibi naye kaanza, nesi akatoka mbio kutukataza, mgonjwa wa jicho hachekeshwi.

Na mimi nikaanza kulia, sijui kwa nini. Miaka ishirini na mitano ukutani. Wote wawili wakipita chini ya picha hiyo kila siku, Babu akijua alichoziba, Bibi akijua alichokosa kusema. Neno moja tu lingetosha!

Njiani Baba hakusema chochote cha picha. Nami sikuuliza. Nimejifunza kitu wiki hii: maji kidogo.


Ijumaa, 15 Agosti

Bandeji imefunguliwa saa tatu asubuhi. Bibi kapepesa, kapepesa. Kaniangalia. "Samiha! Kumbe umekonda hivi na hukuniambia." Kamgeukia Baba, kamshika kidevu: "We mtoto, nani kakutia mvi?" Tumetoka na miwani myeusi na onyo la kutoinama na kutobeba. Njia nzima kasoma mabango. Yote! Mpaka tangazo la mganga.

Baba kaoga, kavaa kanzu, kaenda Ijumaa.

Nikatandika shuka jeupe mezani. Nimeikunjua picha juu yake. Bakuli mbili za maji, pamba, brashi yangu nyembamba kuliko zote, kibanio cha nyusi. Nimekaa. Bibi kakaa kwenye kiti cha uvivu mbele yangu, kavua miwani ingawa amekatazwa. Ananitazama kwa jicho lake jipya. Nimekamua pamba. Nimeiweka. Nimeikamua tena. Ningeweza! Msikiti una watu wengi Ijumaa, hotuba ndefu, ningemaliza akiwa njiani. Nimeiweka tena. Nimemwambia Bibi siwezi bila Baba. Bibi kasema najua, ndiyo maana nimekaa kimya.

Tumengoja hivyo, mikono mapajani kama wageni.

Karudi. Kasimama mlangoni, kofia kichwani, tasbihi mkononi. Kaiona meza. Nimeinuka.

"Anza na farasi," akasema. "Huyo mwingine niachie mimi."


Saa nane u nusu. Naandika hapa hapa mezani huku karatasi ya pili ikilowa. Kalamu inaruka lakini nikingoja bure nitapasuka!

Farasi katoka! Dakika ishirini na tano, pamba juu, pamba nje, pembe moja, pembe ya pili, na karatasi ikaachia yote kwa pamoja kama ngozi ya maziwa. Haikuchanika. Wino haukusogea. Niliyapika vizuri mazoezi yangu! Jicho moja, kubwa, jeusi, mchoro mmoja tu wa brashi na nukta nyeupe iliyoachwa katikati. Na haangalii maji! Kageuza shingo, anamwangalia aliye mgongoni. Nimepiga kelele. Bibi kasema, haya, huyu hana wasiwasi, tumwone bwana wake.

Baba kavuta kiti. Kanawa mikono mara mbili, ule weusi wa mafuta kwenye kucha hautoki milele. Nimemwonyesha kibanio kinavyoshikwa. Nimemwambia juu ya wekundu: midomo ikiwa na rangi, usibonyeze Baba, usisugue, acha maji yafanye kazi. Kasema mtoto, nimefungua injini zenye kutu kabla hujazaliwa. Lakini kakifuta kibanio, kakifuta tena, na kilikuwa kikavu. Nimeona. Bibi kaona. Tumetazama dirishani.

Kailaza pamba juu ya saba mara nane. Kahesabu kimoyomoyo, midomo ikisogea. Kaitoa, kaweka nyingine.

Pembe imeinuka. Ya kushoto, chini, kwenye kidevu. Nimetaka kuinama nione, kanizuia kwa kiwiko. Basi nimebaki hapa upande wangu, naona mgongo wa karatasi tu na vidole vyake.

Anavuta. Polepole, anazunguka umbo la kichwa, kama mtu anayekata kwa mkasi.

Imetoka! Nzima! Kailaza kwenye shuka, hesabu imeangalia juu. Pamba haina rangi, nimeichukua nimeigeuza pande zote, nyeupe.

Bibi kauliza, anacheka?

Baba kainama pale, mimi siuoni uso wake wala wa kwenye picha, naona kisogo.

Bibi kauliza tena, sasa kwa sauti. Baba kavua kofia, kaiweka pajani, na bado anamtazama, kama mtu aliyemwona baba yake.